Kabla ya kufungua simu, itazame pakiti ya chai

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea na ukurasa huu nakuomba jambo moja dogo. Fumba macho uikumbuke pakiti ya majani chai iliyoko jikoni mwako hivi sasa. Ni ya rangi gani? Jina lake limeandikwa kwa herufi nene au nyembamba, zilizosimama wima au zilizolala? Ina picha? Picha ya nini? Uzani nao umeandikwa upande gani?

Bila shaka wengi wenu mmekwama kwenye swali la pili. Pakiti hiyo mnaishika kila asubuhi. Mnaikata pembe kwa kisu, mnaifunga kwa mpira, na hata mtoto asiyejua kusoma huitambua dukani akiwa bado mlangoni. Lakini kuitazama hasa, la, hamjaitazama. Haya, inuka uende uilete. Tutaihitaji katika safari yetu ya leo, kwani tunakwenda Bomet na Kericho, kwenye vilima vya chai, kutafuta mahali ambapo kijana anayejifunza ubunifu wa michoro anaweza kuchota mawazo.

Nisemapo ubunifu wa michoro nina maana ya kazi ya kupanga herufi, rangi na picha ili ziseme jambo: nembo, pakiti, bango, jalada la kitabu, fulana ya timu ya mtaani. Vijana wengi mjini wanaisomea siku hizi. Waulize wanatoa wapi mawazo yao nao watakuonyesha simu. Humo mna kazi za mafundi wa Tokyo, London na New York, elfu kwa elfu, nyingine nzuri ajabu.

Kijana mmoja wa jirani yangu ni miongoni mwao. Alipata kazi yake ya kwanza ya kulipwa kutoka kwa kikundi cha akina mama karibu na Litein, ambako nyanya yake ni mwanachama. Akina mama hao hupanda chai ya zambarau, ile aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ambayo majani yake machanga huwa ya zambarau badala ya kijani. Huichuma, huisokota kwa mikono na kuikausha wenyewe, kidogo kidogo. Walitaka pakiti ya kuwafikisha kwenye maduka ya Nairobi.

Kijana alikaa na simu yake wiki tatu. Alitokea na pakiti ya kupendeza kwelikweli: ukingo wa dhahabu, mlima wenye theluji kileleni, kikombe kisicho na mkono, na bibi mmoja aliyevaa kofia pana ya ukindu yenye ncha juu. Akina mama walimwamini, kwa kuwa yeye ndiye msomi. Zikapigwa chapa pakiti 1,000 kwa fedha za chama. Boksi lilipofunguliwa uani kwa nyanya, watu walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, kwa upole tu, kofia ile ni ya watu wa wapi, na mlima ule ni upi, maana yeye kazaliwa hapo na hajauona.

Pakiti zilipelekwa dukani hata hivyo. Mwenye duka alidhani chai imetoka ng'ambo, akaiweka kwenye rafu ya vitu vya ng'ambo pamoja na bei zake, na hapo ikakaa. Leo pakiti zilizobaki zinahifadhia mbegu za maharagwe. Fedha za mzunguko zilizokuwa zamu ya mama mmoja wa kulipa karo ziliteketea humo.

Sikusudii kumcheka kijana yule. Kosa lake hata mimi nimelifanya katika kazi yangu ya kuandika: kuazima maneno ya mtu mwingine kwa kuwa yanang'aa. Na simu si adui. Lakini aliyechora kofia ile mara ya kwanza alikuwa akichora watu wa kwao, akijua nani huivaa na kwa sababu gani. Kijana wetu aliichukua kofia na sababu akaiacha hukohuko.

PAKITI NI AHADI

Tuanze na hiyo uliyoishika. Pakiti ya chai haikubuniwa ili ipendeze. Zamani huko Uingereza mwenye duka alichota chai sandukuni na kuipima mbele ya mnunuzi, na wenye tamaa waliichanganya na majani ya miti mingine, au na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa upya, tena wakayatia rangi. Mwaka wa 1826 John Horniman akaanza kuuza chai iliyofungwa tayari ndani ya pakiti yenye jina lake. Kwa kuifunga alikuwa akimwambia mnunuzi kwamba hakuna mkono uliogusa humu baada ya wangu, na jina hili ndilo utakaloshika ukidanganywa.

Ukilielewa hilo, mambo mengi kwenye pakiti yako yanafunguka. Jina ni kubwa kwa sababu ni dhamana. Uzani, tarehe, anwani ya mtengenezaji na alama ya Shirika la Viwango, KEBS, haviko pale kuziba nafasi. Mbunifu asiyejua haya huvisukuma nyuma kwa herufi za ukubwa wa sisimizi ili vimwachie nafasi ya mapambo.

Majina nayo yana hadithi zake. Arthur Brooke alipofungua duka lake Manchester mwaka wa 1869 aliliita Brooke Bond. Bwana Bond hakuwahi kuwako. Neno lilipendeza tu likiandikwa karibu na jina lake. Hata hivyo, kwa miongo mingi wafanyakazi wa mashamba ya Kericho waliandika barua nyumbani wakitaja jina hilo la mtu ambaye hakuzaliwa! Thomas Lipton wa Glasgow naye alinunua mashamba Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka wa 1890, na manjano yake ikaenea duniani hata ikawa mtu akiona manjano hiyo kwenye rafu hahitaji kusoma.

Lakini jina linalonifurahisha zaidi ni la Kericho kwenyewe. Kampuni ya Kenya Tea Packers ilianzishwa mwaka wa 1977. Jina hilo la Kiingereza ni refu, halisemeki kwa haraka dukani. Lilichukuliwa silabi moja moja: Ke, te, pa. Ketepa! Linatamkika Kisumu, Lamu na Bomet bila mtu kuuma ulimi. Kisha chai yao mashuhuri ikaitwa Fahari ya Kenya, Kiswahili kitupu. Mwanafunzi anayetafuta jina la kampuni akae na mfano huo kabla ya kutafuta neno la Kifaransa.

UKUTA WA BOMET

Sasa tuingie barabarani. Ukitoka Nairobi kupitia Mai Mahiu na Narok utapita mashamba ya ngano, kisha Mulot na Longisa, na hewa itaanza kupoa. Ukifika Bomet mjini usikimbilie kuitazama chai. Shuka, unyooshe miguu, utazame kuta.

Utaona kuta za maduka zilizopakwa rangi za kampuni za simu na za soda. Hizo ziache. Tazama zile zilizoandikwa kwa mkono: bucha yenye paja la ng'ombe lililochorwa likining'inia, kinyozi mwenye vichwa vinne vya mitindo minne, hoteli yenye kikombe kinachofuka moshi na mandazi mawili pembeni. Tena tazama chini ya ukuta. Utepe wa kwanza kutoka ardhini aghalabu umepakwa rangi nzito, kahawia au nyeusi. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na matone huurushia ukuta tope. Aliyepaka alijua tope litafika wapi, akaiweka rangi ya tope hapo mwenyewe. Ubunifu wa namna hiyo huupati kwa kutazama picha, kwa sababu katika picha hakunyeshi.

Simama karibu na mwandika mabango stadi akiwa kazini. Haanzi na brashi. Huchukua uzi, akaupaka chaki, akaukaza kwenye ncha mbili za ukuta, akauinua katikati na kuuachilia. Pa! Umeacha mstari ulionyooka kuliko rula. Anapiga wa pili juu yake. Kisha anahesabu herufi na kutafuta ya katikati, ili neno lisije likaishia pabaya. Nyote mmeziona hoteli ambazo neno HOTELI huanza kwa majivuno na kumalizika kwa herufi zilizobanana kama abiria wa matatu ya jioni. Huyo hakuhesabu.

Mtazame pia anavyoandika O. Ataipitisha kidogo juu ya mstari wa juu na kidogo chini ya mstari wa chini. Si kwamba mkono umeteleza. O iliyolingana sawasawa na H jirani yake huonekana ndogo kuliko H, kwa kuwa mduara hugusa mstari mahali padogo tu. Jicho hudanganywa, na fundi huyo hulidanganya upande wa pili ili mambo yalingane. Wachora herufi wa Ulaya wana kanuni hiyohiyo na wameiandikia vitabu. Huyu wa Bomet aliipata kwa fundi aliyemfunza, ambaye naye aliipata kwa mwingine.

Na kivuli! Kikianza kulia na chini ya herufi ya kwanza, kitakuwa kulia na chini hadi ya mwisho, kwa sababu jua ni moja.

Mafundi hawa wanapungua. Bango la plastiki lililopigwa chapa kwa mashine huwa tayari saa hiyohiyo na halimgharimu sana mwenye duka, na siwezi kumlaumu. Lakini nakuhimiza, ewe mwanafunzi, uende wakati bado wapo. Usimpige fundi picha kwa siri kutoka ndani ya gari. Msalimie, mwombe ruhusa, mnunulie chai, na ukijifunza kitu kwake mlipe kama unavyomlipa mwalimu wa ziada.

MATUNDU MATANO YA KAPKOROS

Kutoka Bomet hadi Kericho, kupitia Kaplong, Kapkatet na Litein, utakuwa katikati ya chai na viwanda vyake. Majina yake pekee ni darasa: Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Kapset, Litein, Tegat, Toror, Momul. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika safari hii, nalo ni gunia.

Chai inayokwenda mnadani Mombasa, ambako mnada wa chai ya kuuzwa nje umekuwa tangu mwaka wa 1969, haiendi katika pakiti ya kupendeza. Zamani ilikwenda katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyowekwa karatasi ya bati ndani. Baadaye yakaja magunia ya karatasi ngumu. Juu yake kuna mambo machache: jina la kiwanda, gredi, namba ya shehena na uzani. Basi. Gredi zenyewe ni herufi na tarakimu: BP1 ni chembe kubwa, PF1 ndogo zaidi, PD ndogo kuliko hiyo, na D1 ni karibu unga. Mnunuzi wa Misri au Pakistan anayesoma PF1 huwaza tayari rangi na ukali wa chai hiyo. Hakuna ua, hakuna mlima, hakuna bibi mwenye kofia, na biashara ya mamilioni inaendeshwa kwa herufi hizo mbili na tarakimu moja.

Alama kama hizo kwa desturi ziliandikwa kwa stensili, yaani kibati au karatasi ngumu iliyokatwa herufi, ambayo hulazwa juu ya sanduku na kupitishiwa brashi ya wino. Chukua karatasi na wembe ujaribu, nawe mzazi keti karibu kwa ajili ya vidole. Kata LITEIN. Ni rahisi mno, herufi zote zinatoka vizuri. Sasa kata KAPKOROS. Ukimaliza utakuta kila tundu la ndani limeanguka: la A, la P, la O ya kwanza, la R na la O ya pili. Matundu matano. Badala ya O una doa jeusi, na badala ya A una kichuguu.

Dawa yake ni kuacha vidaraja vyembamba vya kushikilia kipande cha ndani kisianguke. Ndiyo maana herufi za stensili zina mikato ile unayoiona pia kwenye magari ya jeshi. Mikato hiyo leo imekuwa mtindo, na kuna vijana wanaoiweka kwenye fulana kwa sababu inaonekana ya kibabe. Sina ubishi. Lakini aliyewahi kukata KAPKOROS kwa mkono anajua kidaraja kinafaa kuwa wapi na unene wake uwe kiasi gani, naye hatakiweka kwenye L ya LITEIN ambako hakina kazi.

Kabla hatujaondoka mashambani nina neno juu ya picha ya mchuma chai. Bila shaka ipo kwenye pakiti au bango fulani unalolijua: mwanamke anayetabasamu, kikapu mgongoni, akishika majani mawili na chipukizi. Kwa mkulima mdogo picha hiyo ni ya kweli. Huko bado chai huchumwa kwa mkono. Katika mashamba makubwa mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na uchungu wa jambo hilo ulionekana mwezi wa Mei 2023 huko Kericho mashine zilipochomwa katika maandamano. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuchora pakiti, uliza kwanza: chai hii huchumwa na nani? Ukimchora mama anayetabasamu juu ya chai iliyokatwa na mashine iliyomwachisha kazi, umetia sahihi yako kwenye uongo, hata kama umeuchora vizuri.

KIBUYU CHA KOGO

Kijana wa jirani yangu aliponieleza habari za pakiti zake, nilimwuliza alipokuwa kwa nyanya yake alitiliwa maziwa katika chombo gani. Akacheka. Kibuyu kilikuwa mezani mbele yake siku zote alipokuwa akitazama simu.

Wakipsigis hukiita kibuyu hicho sotet. Ndimo mnamohifadhiwa mursik, maziwa lala ambayo sote tumeyaona wanariadha wetu wakinyweshwa uwanja wa ndege warudipo na medali. Kibuyu huoshwa, kikasuguliwa ndani kwa ufito na kupakwa mkaa wa mti maalumu, mara nyingi senetwet, kabla ya maziwa kutiwa. Mkaa huo huyahifadhi maziwa, huyatia ladha na kuyaachia vidoadoa vya kijivu kinachokaribia samawati. Kwa nje kibuyu huvishwa ngozi ya kukishikilia, na mara nyingi shanga na simbi kuzunguka shingo au mfuniko.

Sasa kitazame kwa jicho la mbunifu. Mapambo yako wapi? Shingoni na kwenye mfuniko, yaani mahali ambapo mkono hushika na jicho hufika mtu anapomimina. Tumbo la kibuyu limeachwa tupu. Halikukosa wa kulipamba. Linasuguana na mengine, linaoshwa, linashikwa kwa mikono yenye mafuta, na shanga zingekatika. Simbi nazo zimetoka Bahari ya Hindi, mwendo mrefu kutoka vilima hivi, kwa hiyo hazikumwagwa ovyo, zimehesabiwa. Kwa ufupi, pambo limewekwa panapofungukia chombo. Ulinganishe na pakiti ya ukingo wa dhahabu pande zote nne.

Hapo hapo nakuonya. Kibuyu hicho si picha ya bure. Kimetengenezwa na mama fulani, na mpangilio wa shanga zake una mwenyewe. Ukitaka kuutumia kwenye bidhaa, mwulize kama unafaa kutumiwa hivyo, mtaje, na mgawane mapato. Kijana anayelalamika kwamba nembo yake imeibwa asiwe yeye ndiye aliyeiba kibuyu cha nyanya wa mtu. Na kwa yule ambaye tayari ana nembo yake, ofisi ya kuiandikisha ni KIPI mjini Nairobi. Alama ya biashara ikikubaliwa hulindwa kwa miaka 10, na unaweza kuiendeleza tena.

YA HARAKA HARAKA

Ukiwa Kericho mjini kuna mengine ya kutazama. Nenda uone Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililofunguliwa mwaka wa 2015, kazi ya kampuni ya msanifu majengo John McAslan: paa lake la vigae linapanda na kupanuka kuelekea altare, na ukilitazama kutoka mbali huku vilima vikiwa nyuma yake utajua mchoraji alisimama hapo kwanza kabla ya kushika kalamu. Gurudwara kubwa nyeupe ya Makalasinga nayo ni ya kutazamwa kwa namna umbo moja linavyoweza kurudiwa bila kuchosha.

Kisha toa sarafu mfukoni. Kwenye ngao ya taifa, chini ya simba na ngao yenye jogoo, kuna kilima chenye mazao, na chai ni mojawapo, pamoja na kahawa, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Jaribu kuchora mazao sita katika nafasi ya ukubwa wa ukucha, nawe utamheshimu aliyefanya hivyo. Wenye wazee waliotunza noti za kwanza za Benki Kuu, zile za 1966, waombe wakuonyeshe ile ya shilingi 10. Upande wa nyuma kuna wachuma chai.

Na usitupe pakiti ile. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928 Meru na kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, alipokosa vifaa nyumbani alikata karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazibandika vipande vipande hadi zikawa kuku, twiga, wanawake shambani. Kazi hizo zilifika hadi kwenye maonyesho ya New York. Alifariki mwaka wa 2021. Kila nikiona mfuko wa unga uliokunjwa vizuri humkumbuka. Yeye aliziona rangi zilizomo, sisi tunauona unga uliokwisha.

KWA MZAZI

Najua baadhi yenu mnasoma haya huku mkijiuliza kama mtoto atapata riziki kwa kuchora. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari pevu sambamba na mikondo ya sayansi na ya masomo ya jamii, na nyumba nyingi zimekuwa na mabishano makali juu ya hilo. Mimi sitakuamulia. Nitakuambia tu kwamba kila kitu ulichonunua wiki hii, kuanzia kiberiti hadi daftari, kilipangwa na mtu fulani aliyelipwa, vizuri au vibaya.

Ukitaka kumpima mtoto wako bila gharama, likizo hii mpe daftari lisilo na mistari na penseli, mpande gari la kwenda kwa jamaa mashambani, na simu ibaki mfukoni mwako kwa siku nne. Kila siku achore vitu vitatu vilivyotengenezwa na mtu, na chini ya kila kimoja aandike kwa nini kiko hivyo. Kwa nini kibao cha kituo cha kupimia chai kina namba kubwa kuliko jina? Kwa nini bati la duka limekunjwa hapa? Asipojua, aulize mwenyewe. Wako watoto watakaorudi na daftari tupu, na hilo nalo ni jibu. Lakini akirudi na kurasa kumi, nawe ukaona ameandika "nilikosea, niliuliza tena", fikiri mara mbili kabla ya kumwambia akasomee uhasibu.

Kijana wa jirani yangu alirudi Litein kwa njia hiyo. Akina mama walimpokea, ingawa mwekahazina alimtazama kwa jicho la pembeni, na ana haki. Alikaa akichora vikapu, vibao, mizani ya kituoni, shingo za vibuyu. Pakiti ya pili ni ya karatasi ya kahawia isiyo na picha. Jina la kikundi limekatwa kwa stensili aliyoikata mwenyewe mezani kwa Kogo, uzani uko mbele kwa tarakimu kubwa kama zile za kituoni, na mahali pa kufungulia tu kuna mstari wa simbi saba. Mstari huo aliupanga mama mmoja wa kikundi, naye ametajwa kwa jina upande wa nyuma na analipwa. Safari hii wamepiga chapa 200 pekee.

Kilichowashinda kuafikiana ni rangi ya wino. Nusu yao walitaka zambarau, kwa kuwa ndiyo chai yenyewe. Nusu wakasema majani yakikauka huwa meusi, mnunuzi atafungua na kudai ameuziwa kitu kingine. Walibishana hadi jioni. Ndipo Kogo alipochemsha maji, akatia majani kidogo kwenye gilasi, bila maziwa, wakaona rangi hafifu ya zambarau ikielea. Akakata ndimu akaikamulia humo. Gilasi ikageuka waridi mbele ya macho yao, na watu wote wakanyamaza, kijana akatafuta penseli.